Yenu Ikipona, Mutarudisha Yetu

Mwezi uliopita wabia wa kampuni yetu walimleta mtaalamu kutoka Lubumbashi aje atufundishe ni kiongozi wa namna gani anayeiletea kampuni faida. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti nzuri na subira nyingi. Alituonyesha ukutani sifa za viongozi: umri, shahada, miaka ya kukaa kitini, anayethubutu na anayeogopa, na kila sifa ilikuwa na mshale wake, wa faida kupanda au kushuka. Wabia walitikisa vichwa kwa kukubali. Mimi, ambaye kiti chenyewe nimekikalia sasa, niliitazama ile mishale nikajaribu kumweka Patron, mkurugenzi wetu wa zamani, mahali pake. Ni mzee, basi mshale unashuka. Shahada ya uhandisi anayo, unapanda. Kitini alikaa mno, unashuka tena. Ni mkaidi, na mshale wa ukaidi haukuwepo. Nikamkumbuka palepale mbele za watu, kwa nguvu, mpaka macho yakanilowa, ikabidi niiname nijifanye natafuta kalamu chini ya meza.

Tulimwita Patron tu. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, wengine watawaambieni. Hapa Kolwezi, mji wetu wa migodi, hakuna upungufu wa watu wa kueleza ukoo wa mwenzao. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Wakasai, watu wa mkoa wa mbali. Babu yangu aliletwa hapa kufanya kazi ya mgodi, baba yangu akazaliwa hapa, nami nikazaliwa hapa, na bado yupo mtu wa kuniuliza nitarudi lini kwetu. Siku Patron aliponifanya comptable, yaani mhasibu mkuu, bwana mmoja aliingia ofisini kwake kumwuliza imekuwaje ampe mtu wa kule funguo za hesabu. Ukuta kati ya vyumba vyetu ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo nilisikia yote.

"Anajuaka kuhesabia," Patron alimjibu. "Na weye, unajua?"

Yule bwana alitoka bila kuaga. Patron hakuniambia neno juu ya jambo hilo, siku ile wala baadaye, na mimi sikuwahi kumshukuru, maana alikuwa mtu wa kukasirika ukimshukuru.

Kampuni yetu inatengeneza pampu. Mashimo ya shaba ya huku yameenda chini sana, na chini kuna maji. Mvua zikianza, maji ya juu huja kukutana na ya chini, na shimo lisilo na pampu nzima hugeuka bwawa. Hapo malori husimama, watu husimama, na mkubwa wa shimo hupiga simu huku sauti imemkauka. Simu hiyo ndiyo riziki yetu, nasema bila kuona haya.

Patron aliweka desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine wa pampu katika mkoa huu. Mteja akileta pampu iliyokufa, haondoki mikono mitupu. Nyuma ya karakana, chini ya paa la mabati, kulikuwa na safu ya pampu zetu wenyewe, za magurudumu na injini ya dizeli, mazutu kama tunavyoiita huku, zote nzima, zote zimepakwa rangi ya njano. Moja ilifungwa nyuma ya gari la mteja siku ileile akaenda nayo, bila kulipia kuazima. Na Patron alimwambia kila mtu maneno yaleyale, awe ni mkubwa wa kampuni ya kigeni au mama wa bustani za mboga kando ya mto:

"Yenu ikipona, mutarudisha yetu."

Alisema kupona. Mafundi wapya walicheka mwanzoni, halafu baada ya muda nao ukawasikia wanaulizana kama ile ya jana imepona.

Mimi mhasibu, zile pampu za njano zilikuwa mwiba wangu. Zilinunuliwa ghali, zilipakwa mafuta, zililipiwa bima, na kiangazi kizima zilikaa pale chini ya bati bila kufanya chochote. Kila hesabu za mwaka zilipofungwa nilizichukua hadi ofisini kwake, na kila mwaka tuligombana.

"Patron, hizi pompe za njano zinakula faida yetu."

"Zinakulaka nini? Zinakunywa mazutu kidogo tu."

"Zinalala pale kiangazi yote!"

"Na weye, Mama Comptable, haulalake? Unapumuzika, kisha unarudia ku kazi."

Kisha alicheka kicheko chake cha tumboni, kile kilichomtikisa mabega, na mimi nikafunga mafaili yangu nikiwa nimenuna. Sikuwa nimekosea, na sasa bado nasema sikukosea. Pesa iliyolala ni pesa iliyolala. Kampuni nyingine za mjini zilionyesha faida nzuri kuliko yetu, na wabia wetu, ambao wengine wanaishi mbali na hawajawahi kuona tope la Kolwezi, walitaka kujua kwa nini.

Mteja mmoja alinimaliza kabisa. Alikuwa mkubwa wa shimo la kampuni moja ya wastani, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alileta pampu yake masika, tukaitengeneza, akaja akaichukua, lakini yetu ya njano hakuirudisha. Nilipiga simu. "Haiyapona bado, Mama," akaniambia. Imepona, nikamwambia, umeichukua mwenyewe! Akasema anaiangalia kwanza. Mvua zikakatika, vumbi likaanza, yeye bado anaiangalia. Nikaenda kwa Patron na barua ya mwanasheria niliyokwisha kuiandika, nikamwomba saini.

Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Ule muntu iko na woga, Mama. Alionaka shimo yake inajaa maji, hawezi kusahabu. Muache akae nayo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka woga itaisha."

Barua ile sikuiona tena. Nilimlaani yule bwana mpaka kiangazi kilipoisha akairudisha mwenyewe, na nilimlaani Patron pamoja naye.

Kazi ya pampu iliyopona haikuisha pale geti. Patron aliifuata mwenyewe. Alipanda gari pamoja na mafundi, akaenda mpaka shimoni, akasimama kando ya pampu mpaka ivute, mpaka maji yatoke upande wa pili wa bomba, ndipo alipokubali kuondoka. Mafundi walisema angeweza kukaa ofisini, simu zipo. Alikwenda tu. Na hapo ndipo utamjua vizuri, maana Patron alikuwa mtu wa kujali viatu kuliko bibi harusi. Viatu vyake vyeusi aling'arisha mwenyewe kila asubuhi kwa kitambaa alichoweka katika mfuko wa koti lake la kijani. Akifika shimoni alivivua, akaviweka juu ya boneti ya gari, akakunja suruali, akaingia topeni peku. Siku moja alisahau kuvitoa, gari likaondoka navyo juu, na karakana nzima ikatumwa barabarani kuvitafuta majanini. Kimoja kilipatikana, kingine hakikupatikana. Wiki ile tulikuwa tumekosa mkataba mkubwa, na naapa alihuzunikia kile kiatu zaidi.

Siku nyingine alitakiwa benki kuomba mkopo. Alipita shimoni kwanza. Akaingia kwa watu wa benki tope limemfika magotini, akawaeleza habari za pampu kwa furaha. Mkiwa mnangoja niwaambie kwamba walivutiwa na unyofu wake, mtangoja sana. Walitunyima, na mwaka ule tuliishi kwa taabu.

Ubahili wake tuliufanyia mzaha kila siku. Majani ya chai ya ofisini yalichemshwa mara mbili. Alizima taa ukiwa bado ndani ya chumba. Kiyoyozi cha ofisi yake alikiondoa akakipeleka chumba cha vipuri, akisema mpira wa pampu unaharibika kwa joto lakini yeye haharibiki. Na mtu huyohuyo ndiye aliyewaazima watu pampu za thamani kubwa kwa neno la mdomo. Nimejaribu mara nyingi kuyapatanisha mambo hayo mawili, na labda hayapatani.

Alikuwa na swali moja ambalo lilitutesa wote. Ukimletea habari yoyote, nzuri au mbaya, alikuangalia akauliza: "Weye, ulifika pale?" Kama hukufika, habari yako iliishia hapo. Mara moja nilimwambia kwa hasira kwamba mteja fulani ametudharau, hajibu simu, hajibu barua, bila shaka amehamia kwa mwingine. Akaniuliza swali lake. Nikatoka ofisini nikibamiza mlango, nikachukua gari, nikaenda. Nilikuta geti limefungwa kwa mnyororo na mlinzi mmoja anachoma mahindi. Kampuni ilikuwa imekufa, wakubwa wamerudi kwao, mlinzi mwenyewe hajui nani atamlipa. Nilikuwa nimemkasirikia mtu ambaye hayupo. Niliporudi Patron hakunicheka, aliuliza tu kama yule mlinzi alikuwa na chakula kingine zaidi ya mahindi.

Hasira zake, jamani. Alimtupia fundi mmoja kofia ya chuma kutoka mwisho wa karakana hadi mwisho, kwa bahati ikamkosa. Fundi yule alikuwa ameweka saini kwamba pampu imejaribiwa kumbe haikujaribiwa. Alifukuzwa kabla ya saa ya kula. Wakati huohuo tulikuwa na fundi mwingine, mlevi wa kujulikana, ambaye Jumatatu hakuwahi kuonekana kabla ya mchana, naye Patron alimvumilia miaka. Chef d'atelier, yaani mkuu wa karakana, mtu mpole wa Kanisa ambaye alianza kazi siku moja na mimi, alimwuliza haki iko wapi hapo.

"Mulevi, mi namuona," Patron alisema. "Ule wa kudanganya simuone. Na kule mu shimo muko bantu."

Haya yote ninayasema kwa mapenzi, lakini sitaki mniamini kupita kiasi. Ukaidi uleule uliotujengea jina ulitutia hasara pia. Kwa miaka alikataa kununua mashine mpya ya kuchonga vyuma. Ile ya zamani inatosha, alisema, na chef d'atelier alipomwomba alijibiwa kwa kelele. Karakana nyingine ikanunua, ikaanza kufanya kwa siku moja kazi tuliyoifanya kwa wiki, wateja wakapungua, mishahara ikachelewa. Nilimwonyesha hesabu, akasema hesabu zangu zina homa. Mwishowe chef d'atelier akafanya jambo ambalo mtu mpole peke yake anaweza kulifanya. Alimwuliza kwa upole: "Patron, weye mwenyewe, ulifika pale? Kwa bale?"

Patron alichukua koti lake akatoka. Alikwenda kwa washindani wetu, akabisha, akaomba kuona mashine, na wakamwonyesha kwa heshima. Alirudi alasiri bila kusema na mtu, na asubuhi yake aliniita niandike oda ya mashine. Tulikuwa tumechelewa sana, lakini aliitia saini.

Mwishowe wabia walimwomba apumzike. Walitumia maneno mazuri: umri, damu mpya, faida inayobaki nyuma ya wenzetu. Hakubishana. Alikataa sherehe, akakataa saa ya ukutani tuliyomnunulia, akasema atakuwa anaona mishale tu na hana mahali pa kwenda. Alipita karakana akampa kila mtu mkono, mlevi wetu akalia kwa sauti, hata hakuwa amekunywa. Alisimama kidogo mbele ya pampu za njano, kisha akapanda pikipiki ya teksi na koti lake la kijani, akaenda zake Kapata, kwenye zile nyumba za safu za wafanyakazi wa zamani wa mgodi, ambako alikuwa amenunua moja.

Mkurugenzi aliyefuata hakuwa mtu mbaya, na sitamsingizia. Alikuwa kijana msomi, msikivu, wa kusema tafadhali. Mishahara ilifika kwa wakati. Alisoma hesabu zangu, akafika kwenye pampu za njano, akasema yaleyale niliyoyasema mimi miaka yote, ila yeye alikuwa na uwezo wa kuyafanya. Akaziuza. Mwaka ule faida ilipanda kuliko mwaka mwingine wowote. Wabia walipiga makofi, na mimi nilipata nyongeza, nikabadilisha mapazia ya sebule yangu.

Halafu mvua zikaanza. Wateja walileta pampu zao zilizokufa, wakapewa risiti, wakaambiwa warudi baada ya wiki. Wakawa wanasimama pale uani wakiangalia chini ya bati, mahali palipokuwa na rangi ya njano, na sasa pana magurudumu mabovu. Hawakugombana. Waliondoka, wengi hawakurudi. Mwaka wa pili faida ilianguka, wa tatu ikawa hasara. Lakini wakati huo yule kijana alikuwa amekwisha kuitwa kwenye kampuni kubwa zaidi, kwa sababu ya ule mwaka wake mzuri. Hasara haikumfuata, ilibaki kwetu. Wabia wakatafuta mtu wa kukikalia kiti, wakakosa, wakanipa mimi. Na waliniambia wazi kwamba masika moja zaidi ya hasara, wataifunga karakana na kuuza kiwanja kwa mtu anayetaka kuegesha malori.

Katikati ya masika hiyo ndipo simu ilipolia. Alikuwa yule mkubwa wa shimo mwenye sauti ndogo, mtu wa woga. Katika wateja wakubwa alikuwa amebaki yeye peke yake.

"Mama, pompe imekufa. Shimo inajaa. Leta ya njano."

"Baba, ya njano hakuna tena. Zote ziliuzishwa."

Nilisikia mvua upande wake. "Basi nitatafuta fasi ingine, Mama. Na nikienda, sitarudia. Nitakuongopea juu ya nini?"

Nilimwomba aningoje mpaka jua litue. Nikaweka simu, nikaegemea ukuta ule wa mbao nyembamba, nikamtamani Patron jinsi mtu anavyotamani maji. Chef d'atelier alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama, iko moya," akasema. "Ku Kapata. Wakati banaziuzisha, Patron mwenyewe alituma miye nimununulie moya. Na feza yake ya pension."

Tulikwenda hivyohivyo na mvua. Kapata, nyumba zote zinafanana, baraza zilezile na mifereji ileile iliyoziba, na mtaa mzima ulikuwa umejaa maji. Sikuwa na haja ya kuuliza nyumba. Kwanza nilisikia injini, halafu nikaona njano, halafu nikamwona mwenyewe amesimama kando yake, peku, suruali imekunjwa, anavuta maji kutoka uwanja wa jirani yake mmoja, mama mjane. Viatu vyake vilikuwa juu ya dirisha, vinang'aa.

"Mama Comptable," akasema, kana kwamba nilitoka ofisini kwake jana. "Umenenepa."

Nilikuwa nimejiandaa kuongea kikubwa. Badala yake nililia. Nilimwambia yote, shimo, wabia, kiwanja, malori, na mwisho nikamwambia kile ambacho hasa kilinitoa mjini. "Patron, rudia. Kiti iko yako. Mi nitaongea na bale babia, batakubali."

"Kiti iko na weye sasa. Mi nilikaaka pale sana."

"Siwezi."

Akaniangalia. Amezeeka, lakini macho ni yaleyale. "Ulishafika pale? Ku shimo?"

"Bado."

"Basi unajua je kama hauwezi?"

Nikamwambia basi atupe pampu, haraka, saa zinakwenda. Akatikisa kichwa. Mama huyu alikuwa wa kwanza, akasema, uwanja wake haujaisha. Nilisimama pale ndani ya maji, mkurugenzi mzima na viatu vya kisigino, kampuni yangu inakufa, tunangoja uwanja wa mama mjane ukauke! Chef d'atelier alikuwa anatabasamu peke yake. Uwanja ulipokauka, Patron alizima injini, akaipangusa pampu kwa kitambaa chake cha viatu, akatusaidia kuifunga nyuma ya gari.

"Panda, twende wote," nikamwomba. "Unisimamie tu."

"Hapana. Patron ndio anasimamaka pale, na patron sasa ni weye." Akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote. "Yenu ikipona, mutarudisha yetu."

Tulifika shimoni jua likiwa bado lipo, hafifu, nyuma ya mawingu. Mkubwa wa shimo alikuwa amesimama ukingoni, na alipoiona rangi ile alijifuta uso. Nilivua viatu nikaviweka juu ya boneti, nikapandisha kikwembe changu cha kitenge, nikashuka na mafundi. Tope lilikuwa baridi, nilikuwa sijawahi kulikanyaga katika miaka yangu yote ya kuandika hesabu zake. Injini ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena. Bomba lilikaa tupu kitambo kirefu, halafu likatetemeka, na maji yakatoka, mekundu na mazito, yakaendelea kutoka. Mafundi walishangilia. Mimi niligeuka kumwambia Patron yanatoka, nikamkuta yule bwana wa woga, naye ameingia topeni na soksi zake.

Mteja yule alibaki, na wengine wawili watatu wamerudi kwa kusikia. Nimenunua pampu za njano tena, chache, na wabia wamenuna. Kiwanja hakijauzwa. Faida ya mwaka huu ni ndogo, na katika mchoro wa yule mtaalamu sijui nitaangukia mshale gani.

Jioni ya siku ile ya mafunzo, wabia walipokwisha kuondoka, simu yangu ililia. Ilikuwa Kapata.

"Mama, mvua ilishaisha. Yenu ilipona?"

Niliangalia dirishani. Chini ya bati pampu zetu zimesimama, nzima, na mwisho wa safu ipo yake, imepakwa mafuta, imefutwa vumbi, imekuwa tayari kurudishwa tangu kiangazi kianze. Gari lipo. Dereva yupo. Kila wiki nasema nitaipeleka.

"Haiyapona bado, Patron," nikasema.

Nikakisikia kicheko chake kikianzia tumboni.

"Basi kaa nayo, Mama," akasema. "Kaa nayo."